Gazeti linapunguza watu: karatasi ukipewa leo, usisaini leo

Mkuu uliyeuliza jana usiku: gazeti lenu limetangaza kupunguza wafanyakazi kwa kuwa matangazo yamekauka, Jumatatu umeitwa ofisini, nawe unataka kujua uende umejiandaaje. Mimi yalinikuta hayo hayo hapa Tanga, ofisi ya mkoa, baada ya miaka 11. Gazeti silitaji.

Kwanza usibishane nao kuhusu matangazo, hapo wanasema kweli. Sisi waandishi tulijidanganya kuwa habari ndiyo iliyotulisha. Gazeti lilikuwa likifika hapa saa nne asubuhi na basi la Dar, wakati wazee wa bao Ngamiani wameshasomewa vichwa vya habari na redio, na vijana wameshaona ukurasa wa mbele kwenye simu. Nakala zilizobaki zilifungia maandazi. Mshahara wangu ulitoka kwenye zabuni za halmashauri, matangazo ya mnada ya mabenki, pongezi na tanzia. Zabuni zikahamia kwenye mfumo wa serikali mtandaoni, na mfumo mpya wa manunuzi, NeST, ulipoanza 2023 ndiyo pakakauka kabisa.

Barabara ya 8 kuna mzee ana duka la vipuri vya baiskeli. Kila mwaka, mwezi wa tisa, alikuwa akituletea picha ya marehemu baba yake ndani ya bahasha ya kaki, picha ile ile, pembe moja imeliwa na mende. Tangazo la kumbukumbu, robo ukurasa. Anahesabu noti mbele yangu, anasubiri risiti, halafu ananunua nakala kumi za kuwapelekea ndugu zake Muheza na Pangani. Mwaka mmoja hakuja. Nikampitia dukani. Akanionyesha simu: picha ile ile, na pembe yake iliyoliwa, iko kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. "Mwanangu, wa Muscat wameshaomba dua tangu asubuhi. Gazeti lenu Muscat lafika?" Sikuwa na jibu. Nikanunua tyubu ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Wenye maduka wengine walikwenda kwa vijana wenye kurasa za Instagram. Muuza makochi mmoja aliniambia akimpa kijana elfu ishirini, jioni simu inaanza kuita; akitupa sisi, anasubiri wiki na hajui nani kasoma. Mabosi wetu dawa yao ikawa kupunguza waripota, kurasa zikajaa habari zilizonakiliwa mtandaoni, halafu wakashangaa wasomaji wanakwenda wapi. Na huu ndio mji uliochapa Kiongozi, gazeti la Kiswahili, tangu enzi za Mjerumani! Haya, tuyaache.

Siku yenyewe alikuja dada wa utumishi kutoka Dar. Mezani soda nne na karatasi nne, kila moja ina jina la mtu tayari. Juu pameandikwa makubaliano ya kusitisha ajira kwa hiari ya pande zote. Mtego uko hapo kwenye neno hiari. Ukisaini kwamba umeondoka kwa hiari, kesho utadai nini? Hata kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, fao la kukosa ajira si la aliyeacha kazi mwenyewe. Fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, ukiwa umechangia angalau miezi 18. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu kaangalie michango yako. Mimi nilikuta miezi saba haikupelekwa, na kwenye hati ya mshahara walikuwa wakinikata kama kawaida.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze: kuna njia gani ya kuepuka, nani anaondoka na kwa kigezo gani, lini, na malipo yakoje. Kikao cha soda hakihesabiki. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi nikawa na siku 70. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na malipo ya notisi na likizo tu. Nikasema naomba nakala nikasome nyumbani. Dada akanuna, lakini alinipa. Siku ya nne ikaja karatasi nyingine, neno hiari limetoka na siku 70 zimeingia.

Mwenzangu wa matangazo alisaini pale pale, alikuwa na ada ya mtoto. Alipokwenda CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, miezi miwili imepita, na kudai kuachishwa kazi isivyo halali mwisho ni siku 30. Akaambiwa aombe kwanza kuongezewa muda. Wawakilishi wetu wa Lushoto na Korogwe, waliolipwa kwa habari iliyotoka, hawakuitwa hata kwenye hizo soda. Walijua baada ya kuona habari zao hazitoki.

Siku hizi naandika matangazo ya redio, na yule muuza makochi ni mteja wangu.

Weka hapa mwaka ulioanza kazi na mshahara wako wa msingi, tukupigie hesabu kabla ya Jumatatu. Jina la gazeti usiliweke.