Nilishaamua, nilitaka Mungu asaini tu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii nimeichelewesha kuiandika maana ina aibu ndani yake, ila juzi kuna mdogo wangu wa kanisani kaniuliza "dada, unajuaje kama unachokitaka ndicho Mungu anachokitaka" nikashindwa kumjibu kwa kifupi, sa ngoja nimjibu hapa.

Kuna kipindi nlikuwa nataka fremu ya duka Mbagala Rangi Tatu. Nlikuwa nauza vitenge na madera kwa kutembeza, mfuko begani, nikaona inatosha, na mimi nikae kwenye fremu yenye taa na kioo. Kodi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye ana mwezi wake mmoja, hapo piga hesabu na mzigo bado hujaweka. Nikafunga siku tatu. Sala yangu ukiisikia utasema huyu mama kaokoka kweli, "Bwana kama si mapenzi yako funga mlango", kumbe mlango wenyewe nimeuwekea tofali usifunge.

Mume wangu akasema tusubiri, nikaona adui anamtumia. Hela haikutosha, nikasema imani yangu inajaribiwa. Siku ya tatu niko magotini, simu iko kwenye godoro ikaita, dalali, "dada yangu kuna mtu anakuja na hela saa nne, nimpe?" Nikasema Amina nikainuka, hiyo nikaiita ishara. Kabla ya saa nne nlikuwa nimeshachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, friji na TV vimeandikwa dhamana, mume wangu yuko kazini hana habari.

Duka lilikaa miezi saba. Rejesho la kila siku lilikula mtaji mpaka nikawa nauza dera kwa bei niliyonunulia ili tu nipate ya jioni, na friji walikuja kuibeba mchana kweupe majirani wamekaa barazani wanachambua mchicha. Usiku nikamlaumu Mungu, si nilikuomba jamani?

Baadaye kwenye jumuiya tukasoma Hesabu 22, habari ya Balaamu. Wengi tunakumbuka punda aliyeongea, tunacheka tunapita. Ila angalia kabla ya punda, Balaki mfalme wa Moabu anatuma wazee wamfuate Balaamu akawalaani Israeli, Mungu anamwambia wazi usiende. Wanakuja wakubwa zaidi na ahadi ya heshima kubwa, na yeye badala ya kuwarudisha anawaambia wakae usiku huo asikie Bwana ataongeza nini. Aongeze nini tena na kashasema? Nilijiona mimi pale. Na kinachonitisha mpaka leo, safari ya pili aliruhusiwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujamuuliza Mungu kama anataka, mwambie kwanza wewe unataka kwa nini. Mi nilichukua daftari nikaandika "nataka fremu kwa sababu" nikakaa na kalamu. Nikaandika kwa sababu ya watoto, nikafuta, ada nlikuwa nalipa kwa kutembeza. Nikaandika niichangie kazi ya Mungu, hiyo nilicheka mwenyewe nikafuta. Mwisho ikatoka, kwa sababu wifi yangu kafungua saluni na kila tukikutana ukweni mama mkwe anaisifia hiyo saluni. Basi, hakuna kingine. Yakobo 4:3 inasema "mwaomba vibaya, ili mvitumie kwa tamaa zenu", mimi hata tamaa yenyewe ilikuwa si yangu, nimeiazima kwa wifi.

Ila sikubaliani na wanaohubiri kwamba kutaka kitu ni mambo ya mwili. Hana, mama yake Samweli, alitaka mtoto mpaka kuhani Eli akadhani kalewa, na yeye alikuwa na Penina, mke mwenza wake, anamchokoza kila mwaka, yaani kila nyumba ina wifi wake. Tofauti ni kwamba Hana alimimina yote mbele za Bwana, na uchungu humo humo, mi nilipeleka ombi limepigwa pasi. Na Zaburi 37:4 tunayoipenda, "naye atakupa haja za moyo wako", inaanza na kujifurahisha kwa Bwana, na hapo kwenye kujifurahisha ndo pananikalisha muda mrefu, maana ukikaa hapo kuna haja zinapungua zenyewe bila kukemewa na kuna nyingine zinabaki.

Halafu tafuta mtu anayeweza kukwambia hapana. Mi kipindi kile nlikuwa nawaambia wale tu watakaosema Amina. Na kitu chochote chenye "saa nne kuna mtu anakuja", kilaze kwanza usiku mmoja.

Sasa hivi nauza kwa WhatsApp na bado natembeza, deni limeisha. Fremu bado naitaka, sitawadanganya. Ule ukurasa upo, sababu ya wifi nimeipiga mstari ila bado inasomeka. Wiki iliyopita dalali yule yule kapiga, kuna fremu ya kona, nikamwambia nitakupigia kesho. Jioni nikamwekea baba watoto chai nikamweleza yote, na kodi na dalali, akanyamaza kidogo akasema bado. Asubuhi nikampigia dalali ampe huyo mwingine.