Maswali ya Wasomaji: Mchoraji Mkurdi na Mswaki Wake

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba kuna mkimbizi wa Kikurdi nchini Australia ambaye hajawahi kusomea uchoraji, naye huchora kwa mswaki wa meno na kahawa, na picha yake ilitundikwa katika jumba kubwa la sanaa. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa sanaa, anasema hicho ni kiini macho cha kuwavutia waandishi wa habari. Naomba utufafanulie safari ya mtu huyo, na kama kweli anastahili kuitwa mchoraji. — Msomaji, Tanga

JIBU: Unayemzungumzia ni Mostafa Azimitabar, ambaye wengi humwita Moz, Mkurdi kutoka Iran na mwanamuziki pia. Alifika Australia kwa mashua mwaka 2013, mwaka ambao serikali ya nchi hiyo ilitangaza, tarehe 19 Julai, kwamba atakayekuja kwa mashua bila viza hatapewa makazi humo kamwe. Alipelekwa katika kambi ya kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, na huko jina lake likawekwa kando: alipewa namba KNS088, herufi zikitokana na mashua aliyokuja nayo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea iliamua kwamba kuwazuilia watu katika kambi hiyo ni kinyume cha katiba, lakini yeye aliendelea kukaa nchini humo hadi mwaka 2019, alipoletwa Melbourne chini ya sheria iliyoruhusu wagonjwa kusafirishwa kwa matibabu. Hata hapo hakuachiwa, bali alifungiwa katika hoteli mbili, moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka Januari 2021. Hoteli ya mwisho ndiyo ileile alimozuiliwa mcheza tenisi Novak Djokovic mwaka uliofuata kwa mgogoro wa viza, na siku chache za bingwa huyo ziliwafanya watu wengi duniani waijue kuliko miaka yote ya wakimbizi waliokuwa ndani yake.

Uchoraji wenyewe ulianzia Manus. Kwa maelezo yake, aliomba rangi akanyimwa, kwa hoja kwamba angeweza kuzila. Mezani palikuwa na kikombe cha kahawa na mswaki. Akauchovya mswaki ndani ya kahawa na kuuburuta juu ya karatasi. Hakuwa na mwalimu wala kitabu cha kumwelekeza, na kila alichokijua baadaye alikipata kwa kujaribu na kutazama kilichotokea.

Sasa nimjibu mjomba wako kwa kuanzia kwenye kifaa, maana hapo ndipo hoja ilipo. Mswaki una vishungi vya nywele ngumu za nailoni vilivyopangwa kwa safu, kwa hiyo mburuto mmoja huacha mistari mingi myembamba inayokwenda pamoja, na mchoraji akigeuza kiganja mistari hiyo hujipinda yote kwa mara moja. Hauna ncha, ndiyo sababu ukingo mkali wa jicho au wa mdomo ni kazi ngumu kuupata, na mchoraji hulazimika kulijenga umbo kwa kurundika mistari badala ya kulizungushia mpaka. Kahawa nayo, ikikorogwa nzito, hutoa hudhurungi inayokaribia weusi, na ikiongezwa maji hufifia hadi rangi ya mchanga; lakini tabaka la kwanza, hata likikauka, huyeyuka tena likiguswa na maji ya tabaka la pili. Anayeitumia hana budi kuamua mapema wapi pabaki peupe, kwa kuwa akikosea hawezi kufunika.

Hizo ni shida za kiufundi za mchoraji, na mtu hazitatui kwa kuhurumiwa. Jambo linalonishawishi zaidi ni kwamba baada ya kuachiwa, alipokuwa na uwezo wa kununua brashi dukani kama mtu mwingine yeyote, hakuuacha mswaki. Kile alicholazimishwa akakifanya chaguo lake, akakiongezea rangi za akriliki. Kwa mswaki huo alichora uso wake mwenyewe, akaipa picha ile namba waliyompa, KNS088, akaiingiza katika Tuzo ya Archibald, shindano la picha za watu lililoanza mwaka 1921 na ambalo maonyesho yake hufanyika katika jumba la sanaa la New South Wales mjini Sydney. Mwaka 2022 picha hiyo ilichaguliwa kuingia fainali. Haikushinda, tuzo ilikwenda kwa Blak Douglas. Miaka miwili kabla, picha ya mkimbizi mwingine wa Kikurdi aliyepitia Manus, mwandishi Behrouz Boochani, ilikuwa imepata kura nyingi za watazamaji katika shindano hilohilo, ila hiyo ilichorwa na Angus McDonald, Mwaustralia. Safari hii aliyechorwa na aliyechora walikuwa mtu mmoja, na kwangu hiyo ni tofauti kubwa.

Kama mjomba bado anaona cheti ndicho kipimo, mwambie amtazame Zehra Doğan, Mkurdi wa Uturuki, ambaye alisomea sanaa chuoni. Alifungwa mwaka 2017 kwa sababu ya picha aliyoichora ya mji wa Nusaybin uliobomolewa na majeshi, na gerezani, aliponyimwa vifaa, naye alichora kwa kahawa na mabaki ya chakula. Aliyesoma na asiyesoma walifikia kikombe kilekile.

SWALI: Binti yangu amevutiwa na habari hizo na ameanza kuchora kwa kahawa nyumbani. Je, picha za namna hiyo hudumu? — Mama wa watoto watatu, Mombasa

JIBU: Hudumu kwa masharti, mama. Kahawa hupauka ikikaa kwenye jua, na katika unyevu wa pwani huota kuvu upesi. Atumie kahawa ya unga ile inayoyeyuka yote, isiyoacha machicha, kwenye karatasi nene. Aiache ikauke kabisa kabla ya kuiweka kwenye fremu yenye kioo, na aitundike ukuta usiopigwa na jua. Asipake vanishi ya maji kwa brashi, kwani itakokota kahawa na kuchafua picha nzima. Ile ya kupuliza, kwa matabaka mepesi, ni salama zaidi.