Mashine ikizima ukiipiga resi: kuosha kabureta ya boti kwa mikono yako

Jioni moja kusi ikielekea kuisha tulikuwa tunarudi kuvua, tumefika mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau, huku Lamu, mashine ikaanza kukohoa. Nikipunguza mwendo inanguruma vizuri. Nikiongeza tu, inakufa. Maji yalikuwa yanatoka na upepo unaingia, na aujuaye mlango ule anajua mawimbi yanavyosimama mkondo unapokutana na upepo. Mpwa wangu akavuta choki nusu, mashine ikapata nguvu kidogo, tukaingia hivyo hivyo pole pole mpaka ndani.

Choki ile ndiyo iliyotwambia ugonjwa. Choki huziba hewa ili petroli izidi. Mashine iliyopata moto ikifufuka ukivuta choki, maana yake ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti kubwa, kile kipande chenye tundu dogo kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, imeziba, ama mafuta hayafiki kwenye kabureta.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akafungua, akachukua waya wa chuma, akaizibua jeti, tukamalizana. Mashine ikaenda, lakini tangu siku ile ikawa inakunywa petroli kupita kiasi na plagi zinatoka nyeusi, zimelowa. Nikaenda kwa ami yangu, ambaye ameishi na mashine za boti tangu ujana wake. Akaishika ile jeti kwenye mwanga wa jua, akafumba jicho moja.

“Mwanangu, tundu hili limepanuliwa. Jeti haitobolewi, jeti huoshwa.”

Nikanunua jeti mpya, na kazi hiyo nikajifunza mwenyewe chini ya macho yake. Haya ndiyo niliyoyapata.

Usiikimbilie kabureta. Anza kwenye tangi. Legeza tundu la hewa la kifuniko. Likifungwa, mashine hutembea dakika chache kisha hufa, na watu wengi wamefungua kabureta nzima kwa sababu ya kifuniko tu. Kisha minya ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta. Isipokazika hata uminye vipi, kuna mahali panaingia hewa: kichwa cha mpira, kibana, ama mpira wenyewe umepasuka kwa jua. Na ikiwa mashine inakwenda vizuri mradi mwenzako anaendelea kuminya, basi tazama mpira, filta na pampu ya mafuta ya mashine. Kabureta iache.

Halafu chukua petroli ya chini ya tangi, itie kwenye chupa nyeupe ya maji, uiache itulie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hivyo maji yakiwemo yatakaa chini na utauona mstari. Boti zetu hazikosi maji kwenye tangi: rasharasha za bahari, madumu yaliyooshwa yasikauke, na unyevu unaojikusanya kwenye tangi lililoachwa nusu.

Yote hayo yakiwa sawa, fungua kabureta. Itoe kabisa, usifanyie kazi botini, kwani skrubu ikianguka majini imekwenda. Mimi hukaa uani penye upepo, mbali na jiko na sigara, na mbele yangu naweka sinia jeupe. Kabla ya kugusa kitu napiga picha kwa simu, kila upande. Skrubu za bakuli la chini mara nyingi zimeshikwa na chumvi: zitie oili ya kulainisha kutu, ngojea, kisha tumia bisibisi inayojaa kichwa sawasawa. Ukiharibu kichwa cha skrubu, kazi ya saa moja itakuwa ya siku nzima.

Bakuli likifunguka, usimwage kwanza. Liinamishe kwenye mwanga. Maji utayaona yanabingirika chini ya petroli kama shanga. Ukiona unga mweupe, ni chumvi imeanza kuila aluminiamu. Ukiona utando wa kahawia unaonata kama asali iliyokauka, hiyo ni petroli iliyokaa muda mrefu mpaka ikakauka ikaacha gundi yake. Yangu ilikuwa na huo utando. Nilikuwa nimeipandisha mashine kwa miezi ya kusi na petroli imo ndani. Siku hizi, kabla ya kuipandisha, naiosha kwa maji baridi kwenye pipa, kisha nachomoa mpira wa mafuta na kuiacha ingurume mpaka izime yenyewe, na kilichobaki kwenye bakuli nakimwaga kwa skrubu yake ya chini.

Toa floti, yaani boya dogo la ndani, pamoja na sindano yake. Ile sindano ni ndogo sana na hudondoka bila kukuaga, ndiyo maana ya sinia. Ncha yake ikiwa na alama ya kulika, badilisha, la sivyo petroli itafurika. Kisha fungua jeti. Zioshe kwa dawa ya kuoshea kabureta ama petroli safi, uzipulize kwa upepo, uziangalie kwenye jua: tundu liwe duara safi. Gundi ikikataa kutoka, pitisha kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni. Jeti ni ya shaba laini na waya wa chuma huikwangua, nailoni haiidhuru. Vile vijitundu vya mwili wa kabureta pia vipulize vyote, dawa iingie huku itokee kule. Mipira usiiloweke kwenye dawa kali.

Skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa chini ihesabu kabla hujaitoa: izungushe ndani taratibu mpaka iguse, hesabu mizunguko, andika. Wakati wa kurudisha, irudishe kwa hesabu hiyo hiyo. Usiikaze mwishoni, ncha yake huharibika.

Mpira wa duara wa bakuli ukilowa petroli huvimba na kukataa kukaa mahali pake. Usiulazimishe. Uanike, unywe chai, utarudi kwenye kipimo. Kabla ya kufunga, geuza kabureta juu chini na upulize taratibu kwenye njia ya mafuta: pumzi isipite. Ukiisimamisha, ipite.

Nasisitiza haya kwa sababu mashine ya tustroki ya kuchanganya haina oili ya pembeni. Oili huingia na petroli ile ile. Jeti ikiziba nusu, pistoni inakosa mafuta na inakosa oili kwa pamoja, inapata moto, inashika. Kwa hiyo usiizoee mashine inayokohoa ukasema itajizibua njiani. Na mchanganyiko upimwe kwa chombo: kwa mashine ya 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili ya mashine za boti. Mashine mpya hutaka zaidi mwanzoni, soma kitabu chake.

Pipani utaijaribu kwa mwendo wa chini tu. Jaribio lenyewe ni baharini, maana jeti kubwa haijulikani mpaka mashine ibebe mzigo. Baki mkondoni kati ya Lamu na Manda, usitoke mlangoni. Ipige resi dakika kumi, izime ikiwa kwenye mwendo huo huo, ngoja ipoe kidogo, ufungue plagi. Rangi ya kahawa ya maziwa, funga uende zako. Nyeusi na imelowa, petroli inazidi: tazama choki na sindano ya floti. Nyeupe kavu, mafuta hayatoshi bado: rudi gatini pole pole ufungue tena.