Re: Mustang ya 1990, niimarishe difu (ekseli ya nyuma) ya Ford ya inchi 8.8 au niagize ya inchi 9? (Namba ni kipenyo cha gia kubwa ya ndani.)

Ndugu, umesema injini ni V8 ya lita 5.0, unaweka tabo ufike nguvu za farasi 600, na matairi ni ya drag, yaani mbio fupi za kunyooka. Hayo matairi ndiyo yanayoamua. Tairi likiteleza, ekseli inapumua. Likishika lami, nguvu yote inaangukia kwenye shafti za kiwandani zenye meno 28 kwenye ncha inayoingia ndani ya difu.

Kwenye 8.8, shafti inashikiliwa na klipu yenye umbo la C ndani ya difu. Shafti ikikatika nje ya klipu, inatoka na gurudumu lake. Niliwahi kuona: gari limelala kwa drami ya breki, tairi liko majanini. Tafadhali usikimbize gari lako kabla hujabadilisha klipu kwa njia nyingine ya kushikilia shafti.

Mimi ningeagiza ya inchi 9, shafti za meno 35. Ni kweli pinioni yake (gia ndogo inayozungusha gia kubwa) imekaa chini zaidi, msuguano unaongezeka na inakula nguvu zaidi kidogo kuliko 8.8. Lakini kitovu chote cha gia kinachomolewa kwa mbele, kwa hiyo kubadilisha gia si kazi ya kulala gereji.

Kabla ya kulipa, funga rimu na matairi utakayotumia, gari lisimame kwa uzito wake, kisha pima nafasi ya ndani na nje ya tairi kila upande. Pande mbili mara nyingi hazilingani. Muulize pia fundi kama ananyoosha bomba la ekseli baada ya kuchomelea, maana joto hulipinda.

Uwiano wa gia za difu wa 3.55 unakutosha.