Sote watano tulikumbuka hotuba ambayo baba hakuitoa

Umeuliza, ndugu yangu, inakuwaje watu wengi wasiojuana wakumbuke kitu kilekile ambacho hakikutokea, na kama huo si ushahidi kwamba ipo dunia nyingine sambamba na hii. Nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili lilinikuta nyumbani kwetu.

Tumezaliwa watano. Sote tulikumbuka baba alivyosimama kwenye harusi ya dada yetu mkubwa: akavua miwani, akaifuta taratibu kwa leso, kisha akamwambia bwana harusi, "Sikupi binti, nakukopesha." Ukumbi ukacheka, mama akalia. Kila mmoja wetu angeapa kwamba alisikia kwa masikio yake. Baba alipofariki, hadithi hiyo ndiyo iliyotushika mkono msibani. Kila aliyeingia kutoa pole alihadithiwa.

Miaka ikapita, mdogo wetu akahamishia mkanda wa video wa harusi kwenye kompyuta. Tukakaa kuutazama. Maneno ni yaleyale, kicheko ni kilekile. Ila anayezungumza ni baba mkubwa, na hana miwani. Baba ameketi pembeni yake, anafuta miwani kwa leso, na hafungui mdomo mpaka mkanda unaisha.

Kaka akainuka, akasema mkanda umechezewa. Simlaumu. Usiku ule hata mimi niliona ni rahisi kuamini kwamba mkanda unadanganya kuliko kuamini kwamba vichwa vitano vimekosea sawasawa. Kwa hiyo wanaosema tumehamishwa kutoka dunia nyingine kuja hii nawaelewa vizuri sana, siwacheki. Hali hii ya watu wengi kukumbuka kitu kilekile ambacho hakikutokea huitwa athari ya Mandela, jina lililotolewa na mwandishi wa Marekani, Fiona Broome, aliyekuwa akiamini Nelson Mandela alifia gerezani miaka ya 1980, akagundua kuna wengine wanaokumbuka vivyo hivyo. Mandela alitoka gerezani Februari 1990, akawa rais 1994, akafariki Desemba 2013. Mimi nahisi wengi walichanganya mambo mawili ya kweli: kifo cha Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, mikononi mwa polisi mwaka 1977, na tamasha kubwa la Juni 1988 katika uwanja wa Wembley, London, la kumwenzi Mandela alipokaribia kutimiza miaka 70 akiwa bado mfungwa. Ukiziweka picha hizo pamoja kichwani kwa miaka mingi, mazishi yanajitengeneza yenyewe.

Nadharia ya dunia sambamba huegemezwa kwa mwanafizikia Hugh Everett, aliyeiandika mwaka 1957. Lakini katika hesabu zake, matawi, yaani dunia hizo, yakishaachana hayabadilishani wakazi wala kumbukumbu. Wengine husema aliyetuhamisha dunia ni mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ulioanza kazi 2008, ingawa watu walikuwa wakikosea kwa pamoja zamani kabla yake.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Uholanzi. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliangukia majengo ya Bijlmermeer, Amsterdam. Hakuna kamera iliyonasa ndege ikigonga jengo. Hata hivyo, Hans Crombag na wenzake walipowauliza watu kama waliona picha za televisheni za tukio hilo, zaidi ya nusu walisema ndiyo. Watu hao hawakuwa waongo. Walisikia habari, wakaona moto na vifusi, wakazungumza na majirani, na akili ikachora kipande kilichokosekana. Swali lenyewe pia lilisukuma: ukiulizwa kama uliona picha, unachukulia kwamba picha zipo. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walishalionyesha hilo mwaka 1974. Waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, wengine wakaulizwa kuhusu mwendo magari "yalipobamizana", wengine "yalipogongana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 waliosikia neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la pili. Vioo vilivyovunjika havikuwemo.

Sisemi kila kitu kimeshaelezwa. Mwaka 2022 watafiti Deepasri Prasad na Wilma Bainbridge walichunguza picha za nembo na wahusika maarufu, wakakuta baadhi ya picha huwakosesha watu kwa namna ileile, hata mtu aliyeitazama muda mfupi uliopita. Hawakupata sababu moja inayotosha kwa picha zote. Hapo pananivutia kweli, na ningependa tupaongelee zaidi kuliko habari za mitambo.

Narudi kwetu. Baada ya mkanda ule nilimpigia simu kila mmoja peke yake, na nikawauliza mambo ambayo hayakuwamo kwenye hadithi. Baba alivaa suti ya rangi gani? Alishika kipaza sauti kwa mkono gani? Alizungumza kabla ya keki au baada? Kwenye miwani, leso na "nakukopesha" tulikubaliana neno kwa neno. Kwenye suti nilipata rangi tatu. Keki ikatugawa kabisa, na kuhusu mkono hakuna aliyekuwa na uhakika. Tulilingana pale tu tulipokuwa tumesimuliana. Tungekuwa tumetoka dunia ambayo baba alihutubia kweli, tungelingana na kwenye suti pia.

Basi na wewe, kabla hujahesabu mashahidi, watenganishe. Usiwaulize kama wanakumbuka jambo lile, kwa sababu ukishalitaja umeshawapa. Waache waeleze wenyewe, kisha uliza vitu vidogo ambavyo hakuna aliyewahi kuvisimulia. Andika majibu kabla hawajakutana. Ukipata watu kumi wanaolingana hata hapo, nitafute, nitataka kuyasoma.