Rangi ikikatika kama maziwa: ninavyozimua akriliki za modeli

Bawa la kwanza la Catalina yangu nililiharibu kwa spiriti. Ni modeli ya plastiki ya skeli 1/72, na nilikuwa nimeipania kwelikweli, maana ndege za aina hiyo, zinazotua majini, zilikaa Kipevu hapa Mombasa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, zikiwa na Kikosi cha 209 cha Jeshi la Anga la Uingereza. Tumboni na ubavuni nilitaka iwe nyeupe. Nikachukua rangi nyeupe ya kampuni ya Vallejo, aina ya Model Color, nikaitilia spiriti ya duka la dawa kama nilivyozoea kuzitilia rangi za kampuni ya Tamiya, nikakoroga. Haikupita dakika, imekatika kama maziwa yaliyochacha ukiyatia motoni: maji huku, madonge kule. Kwa ubishi wangu nikaimimina vivyo hivyo. Eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ikatema matone mawili matatu juu ya bawa, ikaziba.

Zote mbili zimeandikwa akriliki, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Rangi ya Tamiya, zile za namba za X na XF, ina alkoholi ndani yake, kwa hiyo inapatana na thina (dawa ya kuzimulia) yake ya X-20A, inapatana na spiriti ya isopropili, na hata ile Mr. Color Leveling Thinner iliyotengenezwa kwa ajili ya laka inaipokea vizuri sana. Vallejo ni rangi ya maji. Chembe zake zinaelea majini, na spiriti ikiingia zinashikana kuwa kitu kama ubani uliotafunwa. Izimue kwa thina ya Vallejo yenyewe. Maji matupu huweza kufanya kazi, lakini hujikusanya matone juu ya plastiki badala ya kutandazika. Ukilazimika, yawe maji safi ya chupa, si ya kisima, maana visima vingi vya huku vina chumvi.

Vipimo sasa. Tamiya naanza sehemu moja ya rangi kwa moja ya thina, na mara nyingi naishia moja kwa mbili. Model Color naanza sehemu moja ya rangi kwa moja ya thina pia, kisha naongeza thina tone baada ya tone. Model Air, ya Vallejo pia, inatoka kiwandani ikiwa nyepesi tayari, ila wakati wa joto naitilia matone mawili au matatu ya thina. Hizi namba ni za kuanzia tu. Chupa iliyofunguliwa mwaka juzi ni nzito kuliko ya jana, nozeli (tundu la ncha ya eabrashi) ya milimita 0.2 inataka rangi nyepesi kuliko ya 0.5, na nyeupe, bwana, nyeupe ina ukaidi wake peke yake.

Mimi nachanganyia kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, kina alama za mililita. Thina inatangulia, rangi inafuata. Nikishakoroga nakiinamisha, rangi ipande ukutani, halafu nakirudisha na kutazama inavyoteremka. Ikibaki ukutani imeganda kama mtindi, bado. Ikiteremka yote na kuacha ukuta mtupu kama uliooshwa, nimezidisha. Ninachotaka ni ule utando mwembamba unaoshuka taratibu, kama glasi iliyotoka kunywewa maziwa freshi. Baada ya hapo napulizia kwanza kijiko cha plastiki. Modeli baadaye.

Kijiko kitakwambia mengi. Rangi ikitawanya vijimiguu kama vya buibui, ni nyepesi mno au upepo umezidi; punguza upepo kabla hujaongeza rangi. Ikitoka na vitone vya kutemwa, ni nzito. Mimi mgandamizo wa hewa nauweka kati ya psi 15 na 20, na rangi ikiwa nyepesi sana nashuka chini ya hapo na kusogea karibu.

Kuna tatizo la tatu ambalo sisi wa pwani tunalijua zaidi: uso unaokauka ukiwa na vumbi, ukiupitishia kidole unakwaruza kama msasa. Hapo rangi imekauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki. Kwa miezi kadhaa nililaumu rangi. Kumbe ni feni. Chumba kina joto, feni inazunguka, na mimi nimekaa chini yake napulizia kutoka mbali. Siku hizi feni nazima, dirisha nafungua, barakoa navaa, jasho nalivumilia. Vallejo naitilia matone machache ya floo impruva, dawa ya kuifanya itiririke vizuri, ili isiwahi kukaukia kwenye ncha ya sindano. Tamiya naitilia kidogo sana dawa yake ya kuchelewesha kukauka. Ukizidisha hiyo dawa, utakuta kesho yake rangi bado inanata.

Na unyevu nao. Kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye eabrashi, inavuta hewa ya Mombasa pamoja na maji yake. Usipoweka kichujio cha maji kwenye mpira, na usipofungua vali ya chini ya tangi kumwaga yaliyojikusanya, utakuwa unapiga vizuri nusu saa nzima, halafu tone moja la maji litoke na rangi na kuacha duara katikati ya bawa. Yamenikuta.

Bawa la Catalina nililisafisha, nikalianza upya. Nyeupe safari hii niliipiga koti tano nyembamba badala ya mbili nene. Ya kwanza ilionekana kama pumzi tu juu ya praima (rangi ya msingi) ya kijivu, nikajizuia kuongeza, nikasubiri ikauke. Ya tatu ndiyo ilianza kuonekana nyeupe.

Moja la kuosha eabrashi, kwa wenye kutumia rangi zote mbili. Ukitoka Vallejo kwenda Tamiya, pitisha maji kwanza mpaka yatoke safi, ndipo upitishe spiriti. Ukirudi Vallejo, toa spiriti yote kwa maji kabla hujamimina tone la rangi. Juzi nilikuwa na haraka, nikairuka hatua hiyo, na sindano ilibidi niing'oe kwa koleo.