Kabla ya fomu, ulizeni nani amebaki nyumbani

Wadogo zangu mnaoingia katika kada ya ustawi wa jamii, naandika haya kwa sababu nimewatazama kwenye mazoezi ya kujiandaa na milipuko ya magonjwa mkirudia, hatua kwa hatua, makosa yaliyotugharimu sisi wakati wa kipindupindu kilichoibuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikazunguka nchini hadi mwaka 2018 na kuwapata watu zaidi ya 30,000. Mnaingia kwenye kikao cha asubuhi, mnaketi nyuma, mnawasubiri watu wa tiba, wa maabara na wa afya ya mazingira wamalize, kisha mkipewa dakika mbili za mwisho mnasema kwamba ustawi hauna la kuongeza. Mnalo la kuongeza, na mara nyingi ndilo linaloamua kama mipango ya wenzenu itafika mlangoni kwa mwananchi au itaishia kwenye meza ya kikao.

1. Ombeni orodha ya wagonjwa kwa kitongoji na kwa kaya kabla kikao hakijaanza. Msingoje kuundiwa kamati mpya, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imekwisha kuweka kamati kuanzia mkoa na wilaya hadi kata na kijiji, na kando yake mnazo kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ambazo wajumbe wake wanajua nyumba ipi ina mlemavu wa viungo, ipi ina bibi anayelea wajukuu peke yake, na ipi ina baba ambaye mkewe akilazwa yeye hawezi kuachiwa watoto.

2. Ulizeni nani amebaki nyumbani. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu bado linaniuma.

Katika halmashauri moja niliyoifanyia kazi, bodaboda ilimleta usiku, kwenye kambi ya kutibia kipindupindu, mama mmoja aliyekuwa akihara na kutapika tangu mchana, hata sauti ilikuwa imemkauka. Wauguzi waliifanya kazi yao vizuri sana: dripu katika mikono yote miwili, kitanda chenye tundu, ndoo chini yake, na maji ya ORS mara alipoweza kumeza. Karani aliandika jina, umri, kitongoji, chanzo cha maji na siku aliyoanza kuugua. Asubuhi kikosi cha unyunyiziaji kilikwenda nyumbani kwake, kikapuliza klorini chooni na chumbani, kikaondoka. Watu wa afya ya mazingira wakachukua sampuli ya maji ya kisima. Kikaoni tulisomewa kwamba kaya ile imekamilika. Nilikuwa nimeketi pale nikiuwakilisha ustawi, nami nikaandika katika daftari langu kwamba kaya ile imekamilika.

Usiku uliofuata mama yule alichomoa dripu akaondoka. Kikao cha asubuhi kilimsoma kama mgonjwa mtoro, na wajumbe walikasirika, kwa sababu mgonjwa wa kipindupindu anayetembea mtaani ni hatari kwa kila anayechota maji. Ilipendekezwa mtendaji wa kijiji aende na mgambo wamrudishe. Mtendaji huyo, ambaye hadi leo namheshimu, aliomba afuatane na mtu wa ustawi badala ya mgambo, nikaenda naye. Tulimkuta mama ameketi kizingitini, hana nguvu ya kusimama, amempakata mtoto wake mdogo aliyelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi haraka. Binti yake mkubwa, ambaye hata darasa la nne alikuwa hajafika, ndiye aliyekuwa mlezi wa nyumba kwa muda wote huo. Majirani walikuwa wamewaona watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakipuliza dawa, wakaogopa kukanyaga uani. Na maji ya ndoo yalipokwisha, binti alirudi kuchota kwenye kisima kilekile ambacho sisi tulikuwa tumekitilia shaka kiasi cha kukichukulia sampuli.

Yule mama hakuyakimbia matibabu, aliwafuata watoto wake. Kule kambini alikuwa amewauliza wahudumu zaidi ya mmoja habari zao, na kila mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia atulie kwani suala hilo litashughulikiwa. Lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa amepewa kazi ya kulishughulikia. Mtoto aliponea chupuchupu. Fomu ya mapokezi haikuwa na nafasi ya kuandika watoto waliobaki, na tulijaribu kuitaja fomu kama sababu, ila mganga mkuu wa wilaya alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: kama fomu ingekuwa inatosha, ustawi mmeitwa hapa kufanya nini?

Tangu hapo, popote ninapoitwa, namwomba karani wa mapokezi amuulize mgonjwa, au aliyemleta, mambo matatu kabla bodaboda haijageuza: nani amebaki nyumbani, nani anawaangalia, na tumpigie nani simu. Majibu humfikia mwenyekiti wa kitongoji ndani ya saa hiyohiyo. Asipopatikana ndugu, hutafutwa mlezi wa kuaminika aliyekwisha kuorodheshwa tangu wakati wa utulivu, na nyumba hupelekewa maji yaliyotibiwa pamoja na chakula kilicho tayari kuliwa. Kisha, na hapa ndipo ninapowaona vijana wengi mkikomea njiani, mtu hurudi kitandani kwa mgonjwa na kumwambia kwa jina ni nani yuko na wanawe. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo hutulia akamaliza dripu yake.

3. Andikeni 116, Simu ya Mtoto, na 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya, kwenye jalada la kila daftari la mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

4. Walipeni wanaojitolea nauli yao siku hiyohiyo.

5. Msiruhusu kaya iambiwe ijitenge kabla hamjajua itakula nini. Mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari wa kirusi, uliotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, mmoja kati yao akiwa hakuthibitishwa na maabara, na watu 6 walifariki. Mtu anayesoma hesabu hiyo kutoka mbali huiona ndogo, ilhali waliogusana na wagonjwa, ambao kila mmoja alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21, walizidi 200. Siku 21 kwa mwajiriwa mwenye mshahara ni likizo yenye hofu. Kwa mvuvi, mama lishe au kijana wa bodaboda ni madeni, ada isiyolipwa na jiko lisilowaka. Mtu wa namna hiyo akitoroka usimwite mkaidi, bali fungua daftari uone kama kuna aliyempelekea unga.

Na unga peke yake hautoshi. Ulizeni nani katika kaya anatumia dawa za kufubaza VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za presha, na zitamalizika lini, kisha zungumzeni na kituo chake apewe za kutosha bila kuja foleni. Peaneni zamu za kuni, mkaa, sabuni, taulo za kike na vocha ya simu. Ulizeni pia habari za mifugo. Niliwahi kumwona mzee aliyekubali masharti yote ya kujitenga kwa heshima kubwa, lakini kila alfajiri alikuwa akipenya nyuma ya nyumba kwenda kumkatia majani ng'ombe wake wa zizini; timu ya ufuatiliaji ilimwandikia onyo mara kwa mara mpaka mjumbe mmoja wa kamati ya kijiji, mwanamke asiye na cheo chochote kikaoni, alipompanga kijana wa jirani akate majani na kuyaacha mpakani. Mzee hakutoka tena.

6. Fikeni msibani kabla ya gari la mazishi. Katika mlipuko wa Marburg wa Biharamulo, uliotangazwa Januari 2025, wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki, na ni 2 tu waliothibitishwa na maabara. Familia inayozika katika hali hiyo inazuiwa kuosha na kugusa mwili, mambo ambayo kwao ndiyo heshima ya mwisho, na wanaoizuia ni wageni waliofunika nyuso. Nendeni kwanza bila mavazi ya kutisha, mkae kwa umbali salama, mkamtafute msemaji wa ukoo pamoja na padri, mchungaji au shehe, mkubaliane nani atashuhudia, sala itasomwa kutoka wapi, na kaburi litachimbwa wapi. Kwa Wahaya, ambao huzika katika kibanja, yaani shamba la migomba, cha ukoo, suala la mahali si dogo hata kidogo. Wataalamu watalinda kila wanachopaswa kulinda, na familia itakuwa imeulizwa kwa lugha yake.

7. Msifunge daftari siku mlipuko unapotangazwa kuisha. Zile siku 42 zisizo na mgonjwa mpya, zinazosubiriwa kabla ya kutangaza kwamba mlipuko wa Marburg umekwisha, zinahesabiwa kwa ajili ya kirusi, si kwa ajili ya kaya. Kagera ilifikia tangazo hilo tarehe 2 Juni 2023, Biharamulo tarehe 13 Machi 2025, na baada ya tangazo magari ya wadau huondoka, ilhali mjane, yatima na manusura anayekataliwa kununua sokoni wanabaki katika kata yenu. Kuwaingiza katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini au kupata ahadi ya shule huchukua muda mrefu, kwa hiyo maombi yaanze wakati kamati bado inakutana na saini zinapatikana kirahisi. Katika kikao cha mwisho cha tathmini, kabla posho hazijagawiwa na watu kuaga, simameni mwombe mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: jina la afisa atakayezitembelea kaya hizo kila mwezi hadi mwaka uishe, na fungu litakalolipia mafuta ya pikipiki yake.